Saa inayokula mtikisiko

Niliteleza bafuni, nikajikinga kwa mkono wa kushoto, kifundo kikavunjika. Nikafungwa plasta kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, nikaambiwa wiki sita. Watu wananipa pole, mimi nawaza saa.

Saa yangu huvaliwa mkono huohuo, na ni ya aina ambayo huitii ufunguo wala huibadilishii betri kila baada ya miaka miwili mitatu. Inakula mtikisiko. Mkono ukitembea, inashiba. Mkono ukilala, inalala njaa. Na mkono wangu ulikuwa umelazwa kwenye kitambaa kilichoning'inia shingoni.

Ni Seiko Kinetic ya kiume, nzito kama jiwe la kupimia, niliyojinunulia kwa malipo ya kitabu cha kwanza nilichotafsiri. Wengi wakiiona wanadhani ni saa otomatiki ya kawaida, kwa sababu ukiitikisa unasikia kitu kinazunguka ndani. Kitu hicho ni kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, na hapo inafanana kweli na otomatiki. Tofauti inaanza baada ya hapo. Kwenye otomatiki, nusu mwezi hukaza springi. Kwenye hii, husukuma gia zinazozidisha mwendo mara nyingi hadi kufika kwa rota ndogo mno ya jenereta, ambayo Seiko husema inaweza kuzunguka mara 100,000 kwa dakika. Rota hiyo ni sumaku. Ikizunguka kando ya koili ya waya mwembamba kuliko unywele, umeme unapatikana, unawekwa kwenye betri ndogo ya kuchajika (za zamani zilikuwa na kapasita), na kuanzia hapo ni saa ya kwatsi kama zingine, yenye kile kijiwe kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Seiko waliionyesha kwenye maonyesho ya saa ya Basel, Uswisi, mwaka 1986, ikaanza kuuzwa 1988, na jina la Kinetic likaja 1991.

Yangu ina mtambo wa 5M62. Namba hiyo imechongwa mgongoni. Pembeni, pale penye namba 2 (kwetu saa nane), kuna kitufe kidogo. Ukikibonyeza, mshale wa sekunde unachupa mbele kukuonyesha akiba iliyobaki. Ukichupa sekunde 30, una miezi minne au zaidi. Ukichupa 20, una kati ya mwezi mmoja na minne. 10 ni wiki hadi mwezi. 5 ni siku chache, haifiki wiki. Na chaji ikikaribia kwisha kabisa, mshale huacha kwenda sekunde mojamoja, unaanza kuruka mbilimbili kama mtu anayechechemea. Ule mchechemeo nimeuona mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, maana mtu anayetafsiri vitabu hutikisa mkono wakati wa kuchukua kikombe tu.

Utaniuliza: si uivae mkono wa kulia? Nilivaa. Mume wangu ndiye aliyekuwa akinifunga asubuhi, kwa sababu vidole vilivyochungulia kwenye plasta havikuweza kubana kile kibanio. Lakini mkono wa kulia siku nzima uko kwenye mausi, na mausi haitikisi kitu. Inateleza tu mezani, sentimita tano huku, sentimita tano kule, na nusu mwezi ndani imening'inia chini imetulia tuli. Juu ya hayo, saa ilikuwa inakwaruza meza. Siku ya tisa mshale ukaanza kuchechemea, siku ya kumi na moja ukasimama.

Nikaanza kutafuta njia nyingine.

Ya kwanza ni ile ya kijitabu cha maelekezo kinachokuja na saa: ishike, itikise kushoto na kulia kwa upinde wa kama sentimita 20, mara mbili kwa sekunde. Kwa mwenye mikono miwili mizima ni kazi ya kuchosha. Kwa niliyekuwa na mmoja ilikuwa adhabu. Nilihesabu mia mbili nikasimama, nikahesabu mia nyingine, bega likaanza kulalamika. Saa ikaamka, ikaenda hadi kesho yake mchana, ikasimama.

Ya pili ilikuwa ya binti yangu. Ana miaka kumi na anaruka kamba kama aliyelipwa. "Mama, nivalishe mimi." Mkononi ilimzidi ukubwa, ikawa inateleza hadi kwenye kiwiko, basi tukaifungia juu ya soksi, kwenye kifundo cha mguu. Akaruka kamba nusu saa. Nilikuwa na matumaini makubwa na ile njia, na naweza kusema ilifanya kazi kuliko kutikisa kwangu, ila nilipoona saa inavyogonga sakafuni kila kamba inapomkwama, roho ilinitoka. Gia zile zimekaa juu ya vincha vyembamba kama ncha ya sindano. Nikamvua.

Ya tatu nilidhani ndiyo mwisho wa matatizo. Rafiki yangu anayekusanya saa aliniazima kisanduku chake cha kuzungushia saa, kile ambacho unaivalisha saa mto mdogo, unabonyeza, inazunguka yenyewe usiku kucha. Za kwake zinakaa humo miezi na hazisimami. Yangu nikaiweka siku tatu. Haikupanda hata hatua moja.

Hapo ndipo nilipoacha kubahatisha, nikakaa chini nikafikiri, na nakiri kwamba jambo hili lilinifurahisha kuliko kazi niliyokuwa nimechelewa kuikabidhi. Springi haijali mwendo. Ukiikaza polepole au haraka, kila mzunguko unahesabika, haupotei. Jenereta ina tabia nyingine: volti inazotoa zinategemea kasi ya ile sumaku. Izungushe taratibu na utapata volti ndogo, na volti ndogo kuliko zile zilizomo kwenye betri haziwezi kuingia ndani. Ni kama kuchota maji kwa kikombe na kujaribu kuyamimina kwenye tangi lililo juu ya kichwa chako. Usipoyarusha kwa nguvu yatakurudia usoni, hata ukikaa hapo usiku kucha. Kile kisanduku kilikuwa kinazunguka kwa upole wa bibi harusi. Nusu mwezi ilikuwa inashuka kilegevu, jenereta inajikongoja, hakuna kinachovuka ukingo.

Kwa hiyo shida haikuwa wingi wa mitikisiko. Ilikuwa kasi.

Nikaacha kutikisa kushoto na kulia. Nikaishika saa kwa vidole vitatu, kioo kikitazama dari, nikawa naizungusha kwa duara dogo, kama anayechekecha kitu kwenye chekeche. Mwanzoni hakuna kitu, nusu mwezi inagongagonga tu. Halafu, ukipata mdundo wake, inakubali: inaanza kuzunguka mzunguko mzima, haikomi, inashika kasi, na unasikia mlio mwembamba unaopanda, *zzziii*, huku ukihisi saa inavutavuta vidole kama mdudu uliyemkamata kwenye kiganja. Ukizidisha duara, inapoteza mdundo. Ukilegeza, inakufa. Ukiwa sawasawa, mkono hausogei zaidi ya upana wa sahani ndogo na bega halichoki. Binti yangu alijifunza kwa dakika moja. Mimi nilihitaji jioni nzima.

Dakika tano za kuchekecha zilinipa karibu siku mbili. Nikaanza kuchekecha wakati wa kusubiri faili zifunguke, wakati wa kusikiliza mikutano ya simu, hata bafuni. Mume wangu akasema nafanana na mtu anayepiga bao na jini asiyeonekana.

Ningeishia hapo, lakini nilikuwa nimeshanogewa. Nikajiuliza: kama koili inachohitaji ni uga wa sumaku unaobadilikabadilika, kwani lazima uletwe na kile kirota cha ndani? Hautoki popote pale?

Nilianza na sumaku ya mlango wa jokofu, naipitisha juu ya saa huku na huku. Mshale ulisimama kwa mshangao, nilipoiondoa ukaendelea, na saa ikabaki nyuma sekunde kadhaa. Chaji haikuongezeka. Mkono wa binadamu hauwezi kupeleka sumaku kwa kasi inayotakiwa.

Halafu nikaona chaja ya mswaki wa umeme wa mume wangu, imesimama kando ya sinki na kile kijiti chake cha plastiki. Mswaki ule hauna tundu la waya wala pini za chuma. Unachajiwa hewani: ndani ya kitako kuna koili inayopelekewa mkondo geu, uga wa sumaku unapanda na kushuka, na koili iliyo ndani ya mswaki inauvuna. Sasa saa yangu nayo ina koili. Haijui kama uga unaoipiga umetoka kwenye rota yake au kwenye sinki.

Sikugundua mimi. Wenye saa hizi wanaijua mbinu hii siku nyingi, na Seiko yenyewe ilitengenezea mafundi kifaa kinachofanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, YT02A, kibao unachoilazia saa bila kuifungua. Kwenye bafu la nyumbani ni kubahatisha mahali. Niliilaza saa kwa mgongo juu ya kijiti, nikaisogeza milimita mojamoja. Sehemu nyingi mshale uliendelea na safari zake kama hakuna kinachotokea. Halafu nikafika mahali, upande mmoja wa mgongo, mshale ukatetemeka, ukasita, ukaanza kucheza palepale mbele na nyuma. Nilipoinamisha sikio nikasikia mvumo mdogo kutoka ndani. Hapo ndipo koili ilipo. Nikaikingia vipande vya sponji isianguke, nikaondoka.

Usiondoke kama mimi. Niliporudi baada ya nusu saa mgongo wa saa ulikuwa na uvuguvugu, kwa sababu uga ule hauishii kwenye koili. Unaamsha mikondo hata kwenye chuma cha kasha na kukipasha moto. Uvuguvugu si kitu, joto ni hatari: mle ndani kuna betri na mipira ya kuzuia maji. Tangu siku hiyo naweka dakika ishirini, naigusa, naipumzisha, naweka tena. Na kama umeshaanza kupiga hesabu kwamba jiko la induksheni nalo lina koili, kubwa tena, tafadhali achana na hesabu hiyo. Utaikaanga.

Chaja ya simu isiyo na waya nilijaribu pia, ile bapa. Haikutoa kitu, na sababu yake ni nzuri. Chaja hizo, za mfumo uitwao Qi, zinauliza kwanza. Zinapiga mpigo mfupi wa umeme, zinasubiri simu ijibu "mimi hapa, nipe kiasi hiki," na zisipopata jibu zinanyamaza. Saa haina ulimi wa kujibu. Chaja ya mswaki haiulizi maswali, inamwaga tu kwa yeyote aliyesimama hapo.

Usishangae kwamba makombo ya umeme wa mswaki yanatosha. Saa ya kwatsi yenye mishale hula kiasi cha mikroampea moja. Zidisha kwa saa 24, halafu kwa siku 180, unapata miliampea-saa nne na ushee kwa nusu mwaka mzima. Betri ya simu hubeba elfu nne, elfu tano. Yaani chaji moja ya simu ingeendesha saa hii kwa karne kadhaa, kama ningeishi na kama ningeweza kuimimina.

Basi usiku ule, baada ya kuiweka na kuitoa kwa kama saa tatu, nikabonyeza kitufe. Mshale ukachupa sekunde 30. Sijawahi kuona 30 kwenye saa hii tangu miaka ya mwanzo. Nilimwamsha mume wangu aone. Alitazama, akauliza mswaki wake uko wapi.

Asubuhi nikabonyeza tena: 10. Jioni: 5.

Nilikasirika, nikairudisha kwenye kijiti, nikaipandisha hadi 30 tena. Kesho yake mambo yaleyale. Siku mbili nzima nilikuwa napandisha na kushuka kama mtu anayejaza ndoo iliyotoboka na kulaumu bomba. Haikunijia akilini kwamba hakuna saa inayoweza kula akiba ya miezi minne kwa siku moja. Mshale haudanganyi kwa makusudi. Unapima volti, na betri iliyochoka hupandisha volti upesi ikichajiwa, halafu zinaporomoka kwa sababu ndani hakuna kitu kilichokaa. Ilikuwa haishiki chaji, na pengine ilikuwa haishiki kwa miaka. Kuchechemea kote kule nilikokuwa nikisingizia kutafsiri, nikisingizia kukaa, hata nikajaribu kutembea haraka sokoni kwa ajili ya saa, kulikuwa ni betri iliyokufa taratibu. Kisha nikakumbuka kuna mwaka mmoja niliiacha kwenye droo miezi mingi ikiwa tupu kabisa. Betri za aina hii hazipendi kulazwa tupu.

Na majaribio yangu yote? Kutikisa, soksi ya binti yangu, kuchekecha, kisanduku. Nilikuwa napima maji kwa chungio. Matokeo ya kila njia yalikuwa yameshapunguzwa na uvujaji ambao sikujua upo. Kama una saa hii na unasoma hapa ukitafuta namna ya kuichaji, fanya hivi kwanza: ichaji kwa njia yoyote mpaka kitufe kikupe angalau 20, iache mezani siku mbili bila kuigusa, bonyeza tena. Ikiwa imebaki palepale, betri yako ni nzima na mbinu zote hapo juu zitakufaa. Ikiwa imeshuka hadi 5, usijichoshe.

Fundi saa aliifungua mbele yangu. Betri yenyewe ni kidonge kidogo kuliko kifungo cha shati, imefungiwa vibati vyake vya kuishikilia, na nilishangaa jinsi kitu kile kilivyonisumbua mwezi mzima. Hakunicheka nilipomweleza habari ya mswaki. Alisema tu, "Uliiwekea mpira mpya?" Sikuwa nimeifungua, nikamwambia, nikaona amepumua. Akaweka betri mpya, akatoa kibao chake cha kuchajia, akailaza saa juu yake, mshale ukaanza kucheza ule mchezo ninaoujua.

Plasta ilitoka wiki iliyofuata. Mkono ulikuwa mwembamba na umepauka, na saa ikawa inazunguka kifundoni kama bangili ya mtu mwingine, ila walau imerudi kwake. Na betri mpya nimerudia kuchekecha, safari hii kwa dakika kumi, nikaiacha mezani. Siku ya nne bado inakwenda, ndipo nikachoka kungoja, nikaivaa.

Kilichobaki ni hiki. Kazi yangu haijabadilika, bado ni kiti na mausi. Kwa kuvaa tu, saa inakula inachopata na kukitumia chote. Imekaa kwenye 20, haipandi 30, haishuki 10. Ningeweza kuiacha hivyo. Lakini nilishaiona 30, na jana, Jumapili, wote walipokuwa wamelala, niliipeleka bafuni na kuikingia sponji zake. Dakika ishirini, naigusa, dakika ishirini tena. Asubuhi hii mshale umechupa mpaka chini kabisa, penye namba 6, na kutoka bafuni nasikia mume wangu anapiga mswaki kwa mkono.